Mtutu Mpya kwa Bunduki ya Zamani: Namna ya Kuchagua Mtutu na Kaliba Bila Kununua Mara Mbili

Nimeona kwa macho yangu mitutu minne mipya, safi kabisa, ambayo haikuingia kwenye bunduki zilizoagiziwa. Mmoja kati ya hiyo ni wangu. Umefungwa kwenye karatasi ya mafuta, uko stoo kwa fundi mwenye leseni hapa Nakuru, na kila nikipita ananiuliza kama niko tayari kuuchukua. Najua ananitania.

Wote wanne tulikosea kwa namna moja. Tuliagiza kabla bunduki haijapimwa, mara nyingi kwa kuanzia na jina la kaliba, yaani aina ya risasi ambayo mtutu umechongewa. Mtu anasikia wenzake uwanja wa shabaha wakiisifu 6.5 Creedmoor, anakwenda kuagiza mtutu, halafu ndipo anaanza kuuliza bunduki yake ni ya aina gani. Mwongozo huu unakwenda kinyume cha hapo: kwanza bunduki uliyonayo, kisha kaliba inayokubalika na bunduki hiyo, mwisho mtutu wenyewe.

Nieleze mapema unamfaa nani. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977 na marufuku hayo yangalipo. Kwa hiyo naandikia mwenye bunduki ya kuwindia iliyo na cheti halali, anayelenga shabaha uwanjani, aliye na bunduki ya shambani, au anayevuka kwenda nchi kama Tanzania ambako uwindaji wa vibali unaruhusiwa. Na mtutu hufungwa na fundi aliyesajiliwa kushughulika na silaha, si kijana wa mashine ya kuchonga vyuma hata awe hodari namna gani. Kazi yako ni kupima, kuchagua na kukagua.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Cheti cha silaha, au nakala yake
- Vernia inayosoma hadi milimita 0.02; ile ya plastiki waachie watoto wa shule
- Ufito wa kusafishia wenye kishikio kinachozunguka chenyewe, na vitambaa vyake
- Dawa ya kuondoa shaba ndani ya mtutu
- Tochi ndogo, pamba za masikio, maka peni, rula ndefu
- Maganda matupu mawili au matatu yaliyopigwa na bunduki hiyohiyo
- Daftari. Usitegemee kichwa, namba hizi zinafanana mno

Kabla ya kugusa chochote toa magazini, vuta boliti (kile chuma kinachofungia risasi kwa nyuma), angalia chemba (pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu) kwa tochi, kisha ingiza kidole. Risasi zote zikae chumba kingine. Ukitoka kwenda kunywa chai, ukirudi rudia ukaguzi wote.

## Hatua ya 1: Hakikisha kosa ni la mtutu

Hapa ndipo pesa nyingi huokolewa, kwa hiyo usiruke.

Mzee mmoja wa Njoro alikuja na .30-06 yake akilalamika kwamba risasi zinatawanyika kama kuku walioona mwewe. "Kijana wangu, mtutu umeisha. Huu nimepiga nao tangu watoto wangu wako shule ya msingi."

"Mzee, hebu tuuangalie mdomo kwanza."

Nilichukua pamba ya masikio nikaizungusha polepole kwenye ukingo wa ndani wa mdomo wa mtutu. Upande wa saa nne, nyuzi za pamba zikanasa. Palikuwa na kijino kidogo, hukioni mpaka uinamishe tochi. Bunduki ilikuwa ikisafiri ikiwa imesimama mdomo chini kwenye sakafu ya pikapu, na sakafu hiyo ina kokoto za murram za kutosha kujaza debe. Fundi alikata sentimita moja, akachonga mdomo upya, na mzee akarudi Njoro na pesa zake za mtutu mfukoni.

Kwa hiyo, kwa mpangilio huu:

Safisha shaba. Kichwa cha risasi, kile kinachoruka, kimevikwa shaba, na shaba hiyo hubaki ikiganda ndani ya mtutu. Paka dawa, subiri muda ulioandikwa kwenye chupa, pitisha kitambaa. Kikitoka na rangi ya buluu, shaba ingalipo. Endelea mpaka kitoke bila buluu. Mtutu ulioachwa miaka unaweza kuchukua siku mbili za jioni.

Kaza skrubu. Zile zinazoshika mtambo (chuma kinachobeba boliti na kushika mtutu) kwenye kitako cha mbao, na zile za darubini. Skrubu moja ya darubini iliyolegea inatosha kukufanya uulaani mtutu usio na hatia.

Kagua mdomo kwa pamba, kama nilivyoeleza.

Kagua koo, yaani pale mifereji ya ndani ya mtutu inapoanzia mbele ya chemba. Siku hizi kuna vikamera vyembamba vya waya vinavyounganishwa na simu. Koo lililochoka huonekana limepasukapasuka kama tope la ufukwe wa Elementaita wakati wa kiangazi. Mipasuko midogo iliyoenea sentimita moja au mbili tu mbele ya chemba ni ya kawaida kwa bunduki iliyofanya kazi. Ikiwa imeenda mbele zaidi na mifereji imefutika, hapo mtutu umekwisha kweli.

Kisha piga makundi matatu ya risasi tano kwa mita 100, bunduki ikiwa imelala juu ya mifuko ya mchanga. Ikiwa upana wa kila kundi unazidi sentimita 8 au 10 na kila kitu kingine umekirekebisha, endelea na hatua ya pili. Makundi yakirudi sentimita 4, funga mwongozo huu ukale chakula cha mchana.

## Hatua ya 2: Karatasi kabla ya chuma

Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inahesabu sehemu ya silaha kuwa silaha. Mtutu, basi, si spea kama ya trekta. Huuagizi kwa simu ukaletewa na basi la usiku kutoka Nairobi.

Cheti chako kinataja bunduki na kaliba yake, na risasi unazoruhusiwa kuwa nazo. Ukibadilisha mtutu kwa mwingine wa kaliba ileile, kazi ya karatasi ni nyepesi zaidi. Ukibadilisha kaliba, umebadilisha kile kilichoandikwa. Huwezi kununua risasi mpya mpaka cheti kibadilike, na zile za zamani ulizonazo kabatini nazo zinakuwa swali.

Nenda kwa muuzaji aliyesajiliwa, mwambie unachotaka, akuongoze kwa Bodi ya Leseni za Silaha. Pata idhini kwa maandishi kabla ya kulipa hata shilingi. Kama unawinda Tanzania, fikiria pia kibali cha kuvuka mpaka na silaha: namba na kaliba iliyopigwa kwenye mtutu lazima isomeke sawa na iliyo kwenye karatasi. Ofisa wa forodha Isebania au Namanga hatakusikiliza ukimweleza kwamba "ni bunduki ileile, ila mtutu ni mwingine".

Umefaulu hatua hii ukiwa na karatasi mkononi. Ahadi ya mdomo haihesabiki.

## Hatua ya 3: Pima uso wa boliti

Toa boliti nje ya bunduki. Angalia ncha yake ya mbele: kuna kisahani kilichozama kidogo ambamo kitako cha risasi hukaa. Kipenyo cha kisahani hicho ndicho kinachoamua familia ya kaliba zako.

Badala ya kuhangaika kupima ndani ya kisahani, pima kitako cha ganda tupu lililopigwa na bunduki hiyo. Utapata mojawapo ya haya:

- Karibu milimita 9.6: familia ya .223 Remington
- Karibu milimita 12: .308 Winchester, .30-06, .270, .243, 6.5 Creedmoor, 7x57 na 8x57 za Mauser
- Karibu milimita 13.5: .300 Winchester Magnum, 7 mm Remington Magnum, .375 H&H, .458 Winchester Magnum
- Karibu milimita 15: .416 Rigby

Ukiwa na boliti ya milimita 12, kaliba zote za mstari wa pili ziko wazi kwako, mradi urefu ukubali (hatua inayofuata) na mtambo uhimili presha yake. Kuhama mstari kunamaanisha boliti nyingine au kuipanua iliyopo. Kupanua kunapunguza chuma palepale panapozuia presha isikurudie usoni. Wapo mafundi wanaoifanya vizuri. Mimi singeifanya kwenye boliti ya zamani ambayo sijui historia yake.

Neno la pekee kwa wenye Lee-Enfield ya .303, maana zimebaki kwenye mashamba mengi tangu enzi za mkoloni. Risasi ya .303 ina ukingo unaotokeza kwenye kitako, na presha yake ya juu ni bari 3,650. Ya .308 ni bari 4,150. Usikubali mtu akuambie mtambo huo wa zamani unaweza kuwekewa mtutu wa .308 "kwa sababu zote ni namba tatu-sifuri-kitu". Ikiwa mtutu wa .303 umekufa, tafuta mwingine wa .303.

## Hatua ya 4: Pima urefu

Risasi lazima iingie kwenye magazini, ipande, na ganda litoke bila kugonga. Pima urefu wa ndani wa magazini, kisha linganisha na urefu wa juu wa risasi nzima:

.223 ni milimita 57.4. .308 ni 71.1. 6.5 Creedmoor ni 71.8. .30-06, .270 na .300 Winchester Magnum zote ni 84.8. .375 H&H ni 91.4.

Mtambo mrefu unaweza kubeba risasi fupi, ingawa wakati mwingine hukwama kwa kuteleza mbele na nyuma ndani ya magazini. Mtambo mfupi hauwezi kubeba ndefu hata ukiuomba. Hii ndiyo iliyomnasa mtu mmoja wa Kisumu niliyeandikiana naye: boliti yake ya .308 ilikuwa ya milimita 12, akaona .30-06 nayo ni 12, akaagiza. Risasi ya .30-06 inaizidi ya .308 kwa milimita 13 na ushee, na magazini haikuikubali.

Acha nafasi ya milimita 2 hivi juu ya namba hizo. Ukiwa na nafasi hiyo, risasi inashuka yenyewe ukiiachilia.

## Hatua ya 5: Nyuzi za mtutu, au kisa cha mtutu wangu

Mtutu hushikamana na mtambo kwa nyuzi, kama bomba la maji. Kila mtengenezaji ana zake. Mauser 98 ina kipenyo cha inchi 1.100 na nyuzi 12 kwa inchi. Remington 700 ni inchi 1 na sehemu ya 1/16, nyuzi 16 kwa inchi. Savage hutumia nati inayokaza mtutu, jambo linalorahisisha kurekebisha nafasi ya chemba.

Mimi nina Mauser 98. Nilijua ni inchi 1.100 na nyuzi 12. Nilimwandikia muuzaji hivyo, akanijibu sawa, nikalipa, nikasubiri miezi. Mtutu ulipofika kwa fundi, ukaingia mizunguko miwili na kusimama.

Fundi hakuulazimisha. Aliutoa, akapaka rangi ya buluu kidogo kwenye nyuzi, akaurudisha kwa vidole tu, akautoa tena. Rangi ilikuwa imefutika kwenye ncha za nyuzi peke yake. Mabegani ilikuwa imebaki vilevile. Akachukua geji ya nyuzi akaishikilia kwenye mwanga wa dirisha. "Ndugu yangu, hii imechongwa kwa pembe ya digrii 60. Mauser ni 55."

Kipenyo sawa, hesabu ya nyuzi sawa, pembe tofauti kwa digrii tano. Mtutu wa namna hiyo ukilazimishwa hushikiliwa na vilele vya nyuzi badala ya uso wake wote, na hakuna anayetaka kulaza shavu karibu na kitu kama hicho.

Tangu siku hiyo, kwenye oda naandika mambo manne: kipenyo, idadi ya nyuzi kwa inchi, pembe, na urefu wa sehemu yenye nyuzi. Na sizipimi mwenyewe. Fundi akitoa mtutu wa zamani, anazipima kutoka hapo. Usiagize mtutu kabla wa zamani haujatoka, maana Mauser zenyewe si zote sawa. Ziko zenye mtambo mdogo ambao nyuzi zake ni za inchi 0.980.

## Hatua ya 6: Sasa ndiyo kaliba

Baada ya vipimo vyote hivyo, orodha yako imebaki na majina machache. Ndivyo inavyotakiwa.

Ukiniuliza mimi, watu wanane kati ya kumi ninaozungumza nao wangebaki na kaliba ileile. Magazini inaikubali, boliti inaikubali, cheti kinaitaja, na risasi unajua pa kuzipata. Unabadilisha pale tu ambapo kaliba ya zamani haifanyi kazi unayoitaka, au risasi zake zimekuwa adimu.

Kama kazi ni shabaha ya makaratasi, .308 na 6.5 Creedmoor zinatosha. Hazipigi bega sana, na mtu asiyeumia bega halengi kwa kufumba macho. Tofauti ni kwamba mtutu wa .308 unavumilia risasi maelfu kadhaa kabla ya koo kuchoka, wakati kaliba zenye baruti nyingi nyuma ya tundu dogo, kama .243 na zile za magnum, huchoka mapema zaidi. Baruti nyingi ikipita kwenye tundu jembamba hufanya koo liungue.

Kwa anayevuka kuwinda swala pala, ngiri au kongoni, .270 na .30-06 zinafanya kazi hiyo bila makelele. Pofu ni mkubwa, kwake chukua .30-06 yenye kichwa kizito kilichojengwa vizuri au panda juu. Kwa nyati, .375 ndiyo inayohesabiwa kuwa ya chini kabisa, na hapo mtutu peke yake hauleti jibu: unahitaji mtambo, magazini na kitako cha kazi hiyo. .375 H&H hurudi begani karibu mara mbili ya .30-06. Kununua bunduki nyingine huwa nafuu kuliko kuibadilisha ya .30-06 iwe ya nyati.

Onyo la majina. Jina la kaliba si kipimo. Kichwa cha .270 kina kipenyo cha milimita 7.04, sawa na inchi .277. Cha .303 ni karibu milimita 7.92. Cha .308 na cha .30-06 ni kilekile, milimita 7.82, lakini chemba zao ni tofauti. Na 8 mm za Mauser ziko mbili: za zamani zenye kichwa cha inchi .318 na za baadaye za .323. Kukisukuma cha .323 ndani ya mtutu wa .318 kunapandisha presha vibaya. Ukiwa na 8 mm ya babu, fundi apime tundu lenyewe, asisome maandishi tu.

Kabla ya kufunga uamuzi, mpigie muuzaji umuulize swali moja: "Risasi za kaliba hii unazo leo, na mwaka jana ulikuwa nazo?" Akijibu "zinaagizwa", hesabu miezi.

## Hatua ya 7: Msokoto

Mifereji ya ndani huzungusha kichwa cha risasi ili kisiyumbe. Msokoto wa 1:10 maana yake mzunguko mmoja kamili kwa kila inchi 10, yaani sentimita 25.4. Kichwa kirefu na kizito kinahitaji msokoto wa kasi zaidi, yaani namba ndogo.

Kuujua wa mtutu uliopo ni rahisi. Ingiza ufito wenye kitambaa kinachobana, weka alama ya maka peni juu ya ufito na nyingine pale unapoingia, uvute polepole mpaka alama ya juu izunguke na kurudi juu. Pima ulivyosogea. Rudia mara tatu, uchukue wastani.

Kwa kuchagua: .308 ya 1:12 inatosha vichwa hadi karibu greni 170 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa), na ya 1:10 inabeba vile vizito vya 180 hadi 220. .30-06 na .270 huja na 1:10. 6.5 Creedmoor ni 1:8. .375 H&H ni 1:12. Kwenye .223 ndiko watu hukosea: 1:12 ni ya vichwa vyepesi vya greni 55 na chini, 1:9 inafika karibu 70, na ukitaka 77 chukua 1:8 au 1:7.

Kuna jambo moja la kwetu. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa hapa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban moja ya sita. Hewa nyepesi humsamehe mwenye msokoto wa polepole. Kichwa kinachopita mpakani mwa kuyumba kinaweza kutulia kabisa hapa, kisha kikaanza kucheza ukiteremka tambarare za chini. Kisumu, iliyo karibu mita 1,130, iko katikati. Kwa hiyo ukiwa kati ya misokoto miwili na unasafiri, chukua wa kasi.

Dalili ya msokoto usiotosha utaiona kwenye karatasi: badala ya tundu la duara, unapata tundu refu kama mbegu ya boga, risasi imepita ubavu.

## Hatua ya 8: Urefu, unene, chuma

Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu makosa yake hayaumi sana.

Urefu wa inchi 22 hadi 24, yaani sentimita 56 hadi 61, unatosha kaliba za kawaida. Magnum wape 24 hadi 26. Kila inchi unayopunguza hula mwendo wa mita 6 hadi 9 kwa sekunde hivi, na kwa mita 100 au 150 hutaona tofauti kwenye karatasi. Utaona tofauti ukiingia na kutoka kwenye gari.

Mtutu mnene hupiga risasi nyingi kabla ya kupata joto la kuuhamisha. Mwembamba unabebeka. Mtu wa uwanjani achukue mnene. Anayetembea kilomita nane kutwa achukue mwembamba, asije akamlaani aliyemshauri. Lakini pima mfereji wa kitako kabla ya kuagiza: mtutu mnene usiotosha utalazimu mbao kuchongwa, na mtutu unaogusa mbao upande mmoja hautapiga mahali pamoja.

Chuma ni cha aina mbili kuu: kile cha kromu na molibidenamu, ambacho hupakwa weusi, na kile kisichoshika kutu kwa urahisi. Nasema "kwa urahisi" kwa sababu nacho hushika. Unyevu wa kandokando ya ziwa, Kisumu, Homa Bay au Busia, hauchagui. Kama unaishi huko ongeza pesa uchukue cha pili, na bado upake mafuta. Usiihifadhi bunduki ndani ya mfuko wa sponji. Sponji hunywa unyevu na kuulaza juu ya chuma usiku kucha.

## Hatua ya 9: Siku ya kufunga

Kazi ni ya fundi, lakini uwepo. Kuna kipimo kimoja ambacho lazima ukishuhudie: nafasi ya chemba, yaani umbali kati ya uso wa boliti na pale risasi inapoegemea ndani. Ikiwa ndogo mno, boliti haifungi. Ikiwa kubwa mno, ganda hunyooka na linaweza kupasuka, na gesi ya moto inarudi nyuma.

Fundi hutumia geji mbili za chuma za kaliba husika. Ya kwanza ni ya kukubali: boliti lazima iifunge bila kulazimishwa. Ya pili ni ya kukataa: boliti isiifunge. Kwa .308, ya kukubali ni milimita 41.40 na ya kukataa ni 41.50. Kati ya bunduki salama na isiyo salama pana unene wa karatasi ya daftari. Ndiyo sababu kipande cha selotepu au ganda tupu haviwezi kufanya kazi ya geji, hata kama fundi amekaa miaka thelathini kwenye kazi.

Mwambie tu: "Fundi, naomba unionyeshe geji zote mbili." Fundi mzuri hachukii. Akikuambia geji ya kataa haina haja, beba bunduki yako uondoke.

Hakikisha pia kaliba mpya imepigwa mhuri kwenye mtutu, inasomeka, na inalingana na karatasi yako ya hatua ya pili. Kama kaliba imebadilika, mtu mwingine atakayeishika bunduki hiyo miaka ijayo hana njia nyingine ya kujua.

## Hatua ya 10: Kujaribu

Risasi za kwanza zipigwe na fundi, bunduki ikiwa imefungwa kwenye kishikio, yeye akiwa mbali anavuta kwa kamba. Kisha muokote ganda mliangalie. Fataki (kile kidude cha katikati ya kitako cha ganda kinachogongwa na pini) iliyobanwa ikawa bapa kabisa, mstari unaong'aa ukizunguka ganda karibu na kitako, au boliti iliyokuwa ngumu kufunguka: yoyote kati ya hizo, simamisha kazi.

Ganda likiwa safi, nenda uwanjani. Vaa kinga ya masikio na miwani. Piga risasi tano ukisafisha kila baada ya moja, kisha makundi ya tatu, ukiacha mtutu upoe mpaka uweze kuushika kwa kiganja. Wengine husafisha kwa ibada ndefu ya risasi hamsini. Mimi sijawahi kuona faida yake kwenye mtutu uliochongwa vizuri.

Jaribu angalau aina tatu za risasi. Mitutu ina tabia, na unaoipenda risasi ya bei nafuu huenda ukaikataa kabisa ile ya bei maradufu. Kundi la sentimita 3 hadi 4 kwa mita 100 ni mtutu mzuri wa kuwindia. Sentimita 5 hadi 6 unakubalika. Ukizidi hapo na aina zote tatu, rudi kwa fundi na karatasi zako za shabaha, si na maneno, na muanze na skrubu na kitako kabla ya kuulaumu mtutu.

## Mtutu uliotolewa

Usiuchukue ukaufanye nguzo ya kuku, na usimuuzie mtu wa vyuma chakavu. Kwa sheria bado ni sehemu ya silaha. Mwachie muuzaji aliyesajiliwa, akuandikie risiti yenye namba ya mtutu na tarehe, uibandike nyuma ya nakala ya cheti chako. Risiti yangu mimi ina mistari miwili: mmoja wa mtutu uliochakaa, na mmoja wa ule mpya wa digrii 60.